Mdundo Nao Una Kwao

Hapa kambini swali la kwanza ni lile lile: wewe unatoka wapi? Siku hizi nyimbo nazo naziuliza hivyo. Ulionisumbua zaidi ni Once in a Lifetime wa David Byrne, Mmarekani wa ile rock iliyoitwa Wimbi Jipya.

Huyo Mmarekani alizaliwa Dumbarton, Scotland, mwaka 1952. Wazazi walihamia Kanada, kisha Marekani, yeye hajatimiza miaka 10. Hawakuwa wakimbizi, baba alikuwa mhandisi. Ila shuleni mtoto aliiacha lafudhi ya nyumbani ili afanane na wenzake, jambo ambalo watoto wetu wanalijua vizuri. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 2012, mtu mzima wa karibu miaka 60.

Mwaka 1975, jijini New York, yeye, Chris Frantz na Tina Weymouth walianza kupiga kama Talking Heads kwenye klabu ya CBGB. Baadaye akaingia Jerry Harrison. Muziki wao ulikuwa mkavu, gitaa za kukatakata, na Byrne akiimba kama mtu mwenye wasiwasi.

Halafu wakamsikiliza Fela Kuti wa Nigeria. Mwaka 1980 walikwenda Nassau, Bahamas, pamoja na Mwingereza Brian Eno, kurekodi albamu ya Remain in Light. Walishika mdundo mmoja wakaurudia rudia, kila chombo kikiingia mahali pake, kama ngoma zetu. Juu yake Byrne akapaza sauti mithili ya mhubiri wa redioni.

Je, aliiba? Hakuficha alikochota. Waandishi wa habari walipewa orodha ya vitabu, kimojawapo cha John Miller Chernoff kuhusu ngoma za Ghana. Lakini kwenye orodha ya watunzi Fela hayumo. Wamo wanabendi na Eno. Hata ndani ya bendi yenyewe majina hayo yalileta manung'uniko, maana jina kwenye wimbo ni heshima, tena ni pesa.

Mwaka 1983 Angélique Kidjo aliikimbia Benin, ambako serikali iliwabana wasanii, akafika Paris. Huko akausikia wimbo ule, akasema huu ni wa Afrika. Wakamwambia, hapana, hiyo ni rock. Hakusahau. Mwaka 2017, katika ukumbi wa Carnegie Hall, aliziimba nyimbo za albamu ile, na Byrne mwenyewe akapanda jukwaani kuimba naye. Mwaka 2018 akaitoa albamu nzima upya, akaongeza maneno ya lugha za kwao, na kati ya wapiga ngoma akamweka Tony Allen, yule aliyempigia Fela miaka mingi.

Mimi simhukumu Byrne kuwa mwizi. Kukopa ndiyo tabia ya muziki; hata Fela alichukua kwa James Brown. Ila kusema "nilijifunza kwa fulani" ni nusu ya deni. Nusu ya pili ilibidi mwanamke aliyekimbia kwao aidai mwenyewe, baada ya miaka 35.

Ndugu wageni mnaokuja na vinasa sauti: nyimbo za bibi zetu rekodini, hatukatai. Lakini kabla hamjazima mashine, muulizeni bibi jina lake, mliandike, na siku wimbo ukileta chochote, mrudi mumwambie.