Nani Mwenye Kuiamsha Kompyuta?

Kompyuta ya nyumbani iliyolala na kukataa kuamka hupelekwa kwa fundi kama kifaa kibovu, na mara nyingi fundi hakuti ubovu wowote. Kumbukumbu ni nzima, ubao mama ni mzima, diski ni nzima. Ikizimwa kabisa na kuwashwa upya, inafanya kazi kama kawaida. Hoja yangu ni kwamba kasoro hii haieleweki bila historia yake. Ilizaliwa pale kazi ya kuilaza na kuiamsha kompyuta ilipogawanywa kwa watengenezaji wengi, kila mmoja akapewa kipande chake, na asipatikane wa kuibeba yote. Anayeijua historia hiyo hulifuata tatizo kwa mpangilio. Asiyeijua hununua vipuri.

Mwanzoni mamlaka yalikuwa mkononi mwa mmoja. Mwaka 1989 Apple ilitoa Macintosh Portable, kompyuta nzito ya kubeba iliyowekewa kumbukumbu tuli, aina ghali isiyohitaji kuburudishwa, ili iweze kulala huku kazi ya mtumiaji ikibaki wazi. Kumbukumbu iliyomo katika kompyuta nyingi ni ya aina nyingine: inashika data kwa chaji ndogo za umeme zinazovuja, na lazima zijazwe tena, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64, la sivyo kila kitu kinafutika. Ndiyo maana kompyuta iliyolala bado inakula umeme kidogo. Kampuni iliyobuni mashine nzima, kuanzia chuma hadi programu, iliweza kuhakikisha kwamba kila sehemu iliyolazwa inajua namna ya kurudi. Kompyuta za jamii ya IBM hazikuwa na bahati hiyo, kwa kuwa prosesa ilitoka kwa huyu, ubao kwa yule, mfumo endeshi kwa mwingine. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuipa BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama, kila kitu. Mwaka 1990 Intel ilileta prosesa ya 386SL, yenye uwezo wa kusimamisha kazi zote na kuiachia BIOS nafasi ya kufanya shughuli zake bila mfumo endeshi kujua, na mwaka 1992 Intel na Microsoft zikatoa kanuni ya APM iliyosimama juu ya wazo hilohilo.

Mpaka hapo usingizi ulikuwa shida ya betri. Uliingia kwenye kompyuta ya mezani kwa mlango wa serikali. Mwaka 1992 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilianzisha alama ya Energy Star, na kompyuta pamoja na skrini zake zikawa bidhaa za kwanza kuipata, mradi zishuke hadi wati 30 au chini zinapokaa bila kazi. Mwaka uliofuata Rais Clinton aliagiza ofisi za serikali kuu zinunue kompyuta zenye alama hiyo. Mnunuzi mkubwa kiasi hicho akisema anataka kitu, soko zima linakitengeneza. Hivyo mashine zilizobuniwa kukaa macho mchana kutwa zikatakiwa kulala, zikiwa na kadi za skrini, za sauti na za mtandao ambazo waliozibuni hawakuwahi kufikiria kwamba siku moja umeme utakatwa katikati ya kazi na kurudishwa bila mashine kuanza upya.

APM ilishindwa kwa sababu iliyo wazi: BIOS haikujua mtumiaji anafanya nini. Iliona kibodi kimya ikailaza mashine, hata kama faili kubwa lilikuwa bado linashuka kwa modemu. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zikatoa ACPI, kanuni iliyohamishia maamuzi kwenye mfumo endeshi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, nami siuoni mwingine uliofaa zaidi. Lakini ujuzi wa nyaya na swichi za kila ubao ulibaki kwa aliyeutengeneza, naye akatakiwa kuuandika ndani ya BIOS, katika majedwali ya lugha maalumu ambayo mfumo endeshi ungeisoma na kuitekeleza. Hapa ndipo mpasuko ulipo. Katika usingizi unaoitwa S3, prosesa inazimwa kabisa na karibu ni kumbukumbu tu inayolishwa umeme. Kitufe kikibonyezwa, BIOS ndiyo inayoamka kwanza. Inatayarisha kumbukumbu bila kuifuta, kisha inaukabidhi mfumo endeshi usukani, nao unaamsha draiva moja baada ya nyingine, kila draiva ikiwa na jukumu la kukirudisha kifaa chake katika hali iliyokuwapo. Kiungo kimoja kikikwama, feni zinazunguka, taa inawaka, na skrini inabaki nyeusi.

Wapo watakaosema haya ni maelezo marefu ya jambo fupi, kwamba kuna draiva mbovu na dawa yake ni kuisasisha. Ni kweli kwamba draiva mpya huponya mashine nyingi. Ila jibu hilo halielezi kwa nini ubao uleule uliamka vizuri chini ya Windows ukagoma chini ya Linux, malalamiko yaliyojaa miaka ya 2000. Watengenezaji wengi walijaribu majedwali yao ya ACPI kwa Windows peke yake, na kosa ambalo Windows ililivumilia halikurekebishwa kamwe. Windows 2000 yenyewe ilitoka na orodha ya BIOS ambazo majedwali yake hayakuaminika. Siasa za biashara nazo zilikuwapo: Januari 1999 Bill Gates aliandika barua pepe, iliyokuja kutolewa mahakamani Iowa, akihoji kama kazi hiyo ya ACPI isingeweza kufanywa iifae Windows kuliko washindani wake. Kanuni ilibaki wazi kwa wote, na Intel ikatoa msimbo ambao Linux inautumia hadi leo, lakini barua ile inaonyesha jinsi usingizi wa kompyuta ulivyokuwa mali ya kugombewa kabla haujawa huduma ya kutegemewa.

Uchunguzi wa nyumbani, basi, ni kuuliza kiungo kipi kimekwama. Bonyeza Caps Lock: taa yake ikibadilika, mashine imeamka na aliyelala ni skrini, na katika Windows vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa pamoja huianzisha upya draiva ya picha. Taa isipobadilika, huenda mkwamo uko chini zaidi, na hapo kusasisha BIOS kuna maana kuliko kubadilisha kadi. Kibodi ikishindwa kuamsha lakini kitufe cha umeme kikaweza, kagua kama kibodi imeruhusiwa kuamsha mashine. Vyote vikigoma, shikilia kitufe cha umeme kwa zaidi ya sekunde 4 hadi mashine izime. Sekunde hizo zimeandikwa ndani ya ACPI. Waliotunga kanuni walitambua kwamba mfumo endeshi unaweza kuganda, wakauachia ubao neno la mwisho.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema tuache kulaza kompyuta, tuzime tu. Kwa nchi zenye umeme wa kukatika, hoja hiyo ina uzito: katika S3 umeme ukikatika, kazi yote iliyoko kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya mezani inapotea, na waliotumia kompyuta wakati wa mgawo wa umeme Tanzania mwaka 2006 hawahitaji kuelezwa. Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ilijibu kwa usingizi mseto unaonakili kumbukumbu kwenye diski kabla ya kulala. Lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012, hata kuzima si kuzima kamili kwenye mashine nyingi: kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa. Anayetaka kuanza upya kweli achague kuanzisha upya, au auzime mpango huo, uitwao uwashaji wa haraka, kwenye mipangilio.

Mwaka huohuo wa 2012 ulileta pia usingizi wa namna nyingine, ambao mashine hailali hasa. Inasinzia huku prosesa ikiwa na umeme, kama simu, ili barua ziendelee kuingia. Kwa kuwa sasa kila kifaa lazima kikubali kunyamaza chenyewe, kimoja kikikataa laptopu inapata joto ndani ya mkoba na betri inaisha kabla ya asubuhi. Mwaka 2018 walionunua ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita walikuta S3 imeondolewa. Watumiaji wa Linux walilalamika, na mwaka huohuo Lenovo ikatoa sasisho la BIOS lenye chaguo la kuirudisha. Kwa laptopu isiyo na chaguo kama hilo, katika Windows amri ya powercfg /a itamwonyesha mwenyewe ni usingizi gani umebaki, na kama kuhifadhi kazi kwenye diski kumo kwenye orodha, hilo ndilo la kuchagua lifanyike kifuniko kinapofungwa.