Pesa Ilishuka Hadi Kijijini, Maswali Yakabaki Juu

Wasee, leo ni historia kidogo. Usitoroke, hii inagusa mfuko wako.

Kwetu Njukini, huku Taveta karibu na Ziwa Chala, ukimaliza Form Four njia ni chache: shamba la nyanya au ndizi, boda, ama uvuke mpaka ukasake kibarua upande wa Rombo. Kila baada ya miaka michache mradi wa ajira unakuja na jina jipya. Tunajaza fomu, tunapeleka kopi za vitambulisho, tunangoja. Mimi na wenzangu saba tulijaza moja ya kikundi. Hadi leo hatujaambiwa hata "hapana". Sitaki kujua nani alikula. Nataka kujua ni nani alipaswa kuuliza.

Hili jambo ni la kitambo. Mwaka 1966 makanisa ya Kenya yalitoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule na kukosa pa kwenda. Hapo ndipo lilitoka wazo la politekniki za vijijini: wanakijiji wanajitolea, kanisa linasaidia, serikali inaongezea, na kamati ya watu wa hapo hapo inasimamia. Mkaguzi wa kwanza alikuwa jirani.

Baadaye pesa zikawa kubwa na jirani akasahaulika. Mwaka 2006 ukaja Mfuko wa Vijana na bilioni moja. 2009 ikaja Kazi kwa Vijana, vibarua vya barabara na mitaro, na baadaye Benki ya Dunia ikaingia. 2011 wakaguzi wa benki wakakuta matumizi yasiyostahili, na sehemu ya vibarua ikafungwa mapema. Wakaguzi walikuwa sawa kabisa. Lakini cheki: waliotumia pesa vibaya walikuwa ofisini, aliyepoteza kibarua alikuwa kijana mwenye jembe. Sehemu ya mafunzo kazini, iliyoendeshwa na sekta ya kibinafsi, iliendelea, ila Nairobi, Mombasa na Kisumu. Njukini tulisoma tu kwenye habari.

2013 ugatuzi ukaanza. Katiba ilikuwa imeshazipa kaunti politekniki za vijijini. Mfuko wa Uwezo nao ukashushwa hadi kwa kamati za maeneo bunge. Kaunti yetu ikaunda Datu Sawazisha, mikopo ya vikundi vya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Tukasema sasa imefika nyumbani. 2015 likalipuka sakata la milioni 791 za NYS. 2020 Kazi Mtaani ikaanza na kaunti chache, zikiwemo jirani zetu Kwale na Kilifi, kabla ya kusambaa nchi nzima.

Umeona mtindo? Kila mara pesa inashuka, ila ukaguzi unakuja baadaye, kutoka juu, ukitafuta risiti. Bunge la kaunti, ambalo kazi yake ni kuiuliza serikali ya kaunti, liko Wundanyi, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Nauli ya kwenda kusikiliza mjadala ni pesa ya siku nzima shambani, na zaidi.

Na bado sheria iko upande wetu. Kifungu cha 229 cha Katiba kinampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kutoa ripoti, kisha bunge linapewa miezi mitatu kuijadili. Tena ripoti lazima iseme kama pesa ilitumika kihalali na kwa njia yenye tija. Hilo neno tija ndilo letu. Risiti inaweza kuwa safi na hakuna hata kijana mmoja aliyepata kazi.

Kuna wanaosema ukaguzi mwingi unachelewesha miradi. Ni kweli, makaratasi yanachosha. Ila ukaguzi wa jirani hauna makaratasi mengi: bandika majina ya vikundi vilivyopata na kiasi, ukutani kwa chifu. Wiki moja tu, kijiji kizima kitakuwa kimeshahesabu.

Mimi nimeamua kuandika barua kuulizia fomu yetu. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kunijibu. Nimeanza kuhesabu. Wewe wa mtaa mwingine, kikundi chenu kiliwahi kujibiwa?