Kushika Mbinu: Neno Tunalolihitaji Shambani

Katika vitabu vingi vya hifadhi ya udongo vilivyoandikwa kwa Kiingereza mna maneno mawili ya Kiswahili yaliyoachwa kama yalivyo: fanya juu. Ni mfereji unaochimbwa kukata mteremko, udongo wake ukarushwa upande wa juu uwe tuta. Mvua zikinyesha, tuta linazuia udongo unaoporomoka, na misimu ikipita shamba lililokuwa limeinama linakuwa ngazi. Ukiurusha udongo upande wa chini, hiyo ni fanya chini, nayo ni nyepesi zaidi kwa mikono kwa sababu hushindani na mlima. Mbinu hizi zilienea sana Ukambani, Machakos, na wataalamu waliozipeleka kwingine walizibeba pamoja na majina yake.

Lugha iliyoipa dunia jina la kazi hiyo haijatulia bado juu ya jina la kitendo cha mkulima kuifanya kazi hiyo kuwa yake. Waingereza husema adoption. Ni neno kubwa katika uchumi wa kilimo: tafiti nyingi juu ya wakulima wadogo, kilimo endelevu na ustawi wa kaya zimejengwa juu yake. Ukisoma tafsiri zetu utaona mfasiri mmoja ameandika kupitisha, mwingine kuasili, mwingine kupokea, na mara nyingine yote matatu yamo katika ripoti moja.

Kupitisha ni neno la bunge na la mkutano mkuu wa kijiji. Muswada hupitishwa, bajeti hupitishwa. Linatuambia kwamba watu wameketi, wamenyoosha mikono, wamekubaliana. Halisemi lolote juu ya jembe. Kijiji kinaweza kupitisha azimio la kuchimba makingamaji Jumatatu, na mwaka mzima usionekane mfereji hata mmoja.

Kuasili ni neno la sheria ya mtoto, na nakiri kwamba lina ukweli ndani yake: kile ambacho hakikuzaliwa kwako unakifanya chako, unakilea, unakipa jina lako. Lakini mzizi wake unalisaliti tukilipeleka shambani. Mwambie mkulima kwamba ameasili mbinu, atasikia asili, na akilini mwake zitakuja mbinu za asili, yaani zile za babu na bibi. Hapo tafsiri imesema kinyume cha ilichokusudia.

Kupokea ndilo linalotumiwa zaidi na maafisa ugani, na ndilo ninalolitilia shaka kuliko yote, kwa kuwa linaonekana halina kosa. Mkulima hupokea mbegu, hupokea ruzuku, hupokea wageni. Mkono wake uko chini na wa mtoaji uko juu. Mradi ukigawa miche mia tano, miche mia tano imepokewa, na ripoti inaweza kuandikwa jioni hiyo hiyo. Kama iliota au ilikaukia nyuma ya nyumba, neno hili halina namna ya kuuliza.

Hebu turudi kwenye maana ya istilahi yenyewe. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao juu ya wakulima wa Iowa, Marekani, na mahindi chotara. Waliona kwamba wakulima hawakuhama kwa siku moja. Walisikia, wakasubiri, wakapanda kipande kidogo, wakatazama kwa jirani, ndipo wakaligeuza shamba zima, na hilo lilichukua miaka. Everett Rogers, katika kitabu chake cha 1962 juu ya kuenea kwa mambo mapya, aliipanga safari hiyo katika hatua tano: kusikia, kuvutiwa, kupima, kujaribu, na ile ya mwisho tunayoitafutia jina. Kwa hiyo neno letu lazima litofautiane na kujaribu. Lazima libebe muda ndani yake.

Mimi nasema neno hilo tunalo, na ni kushika. Mche uliohamishwa kitaluni ukatoa jani jipya, tunasema umeshika. Moto uliopita hatua ya moshi umeshika. Rangi isiyotoka kwa maji imeshika. Mtu hushika dini, hushika sala, hushika mafunzo ya wazazi wake. Kote humo kuna kitu kilichotoka nje kikaingia, kikakaa, na hakihitaji tena mtu wa kukisimamia. Faida nyingine ni kwamba kitenzi hiki kinafanya kazi pande zote mbili: mkulima ameishika mbinu, na mbinu imeshika kijijini. Kiingereza chenyewe hakina wepesi huo.

Kuna kikwazo kimoja cha kweli. Ukiunda nomino ushikaji, vijana wa Tanzania wamekwisha kuichukua kwa maana ya urafiki, na mshikaji ni rafiki wa karibu. Hatuna sababu ya kuwanyang'anya. Tutumie kitenzi-jina chenyewe: kushika mbinu, kiwango cha kushika, kaya zilizoshika, waliotangulia kushika. Sarufi yetu inaruhusu, na sikio halikatai.

Tofauti kati ya kupokea na kushika imeandikwa katika milima yetu. Huko Uluguru, Morogoro, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ililazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi chini ya mpango wa matumizi ya ardhi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo wa juu ulikuwa mwembamba, hivyo kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Watu walichimba kwa kuogopa adhabu. Mwaka 1955 zilizuka ghasia, na mpango ukaachwa. Kama mtafiti angepita Uluguru mwaka mmoja kabla, akahesabu matuta, angeandika kwamba mbinu imepokelewa vizuri. Hakuna kilichokuwa kimeshika.

Machakos nako kulikuwa na kazi ya lazima wakati wa ukoloni, na watu waliichukia vilevile. Kilichofuata ndicho kinachofundisha. Wakulima wenyewe waliiacha aina ya matuta waliyoamriwa, wakachagua fanya juu, wakaichimba kwa mwethya, yaani vikundi vyao vya kusaidiana kazi, wengi wao wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walifuatilia wilaya hiyo kuanzia 1930 hadi 1990 wakakuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko umepungua. Soko la Nairobi lilikuwa karibu, kahawa na matunda yalilipa, na tuta lililohifadhi maji lilirudisha jasho lililomwagwa. Mbinu ilishika kwa sababu ilimlipa aliyeichimba.

Tena kuna mbinu ambazo istilahi hii haizioni kabisa. Umatengoni, wilayani Mbinga, watu wanalima kwa ngoro tangu kabla ya mkoloni. Majani yanafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana kama wavu, kisha yanafukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na mteremko mzima unajaa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Shimo hukusanya maji, majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea, na maharage na mahindi hupokezana. Dodoso lenye orodha ya mbinu zilizoletwa na mradi litamwandika Mmatengo sifuri. Ndiyo maana namsihi anayeandika dodoso asiulize tu nini kimeshikwa, aulize pia nini kilikuwapo.

Neno kaya nalo linahitaji jicho. Linafaa sana: Wagogo na Wasukuma hulitumia kwa maana ya nyumbani, na takwimu za Tanzania zimelikubali kwa watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Lakini chungu kimoja hakina maana ya mgongo mmoja. Chukua kilimo hifadhi, chenye kanuni tatu: kutoutifua udongo kupita kiasi, kuufunika muda wote, na kubadilisha au kuchanganya mazao. Mkulima akiacha kulima kwa plau na hana dawa ya magugu, magugu yanaongezeka, na palizi sehemu nyingi ni kazi ya wanawake na watoto. Kaya imevuna zaidi, na mama wa kaya hiyo amepiga palizi mara moja zaidi. Mkuu wa kaya ndiye anayehojiwa, naye atajibu kwa haki kabisa kwamba mambo ni mazuri.

Ustawi ni tafsiri nzuri kuliko zote katika uwanja huu, kwa sababu imetoka shambani: mahindi hustawi, na watu hustawi. Wachumi huupima kwa matumizi ya fedha. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Tanzania Bara wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Kipimo hicho kina kazi yake. Mkulima ana chake pia, naye huuliza kama chakula cha ghalani kitafika mavuno yajayo. Ningependa dodoso zetu ziwe na swali hilo kwa maneno hayo hayo.

Sasa swali gumu: je, kushika mbinu ndiko kulikoleta ustawi? Chukua kaya mbili za kijiji kimoja. Moja ina ng'ombe, shamba la kwake, na mtoto anayetuma fedha kutoka mjini. Nyingine inakodi ekari moja msimu kwa msimu. Ya kwanza imemwaga samadi na kuchimba makingamaji. Ya pili haikuthubutu, kwa kuwa mwenye shamba akiona udongo umenenepa atalirudisha mikononi mwake. Ukilinganisha mavuno yao na kusema tofauti yote imetokana na mbinu, umeipa mbinu sifa ya ng'ombe na ya fedha za mjini. Hata mbinu ya vuta-sukuma iliyoendelezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, ambapo desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi na matete kuzunguka shamba ili kupambana na kiduha na funza wa mabua, huzaa faida kubwa zaidi kwa mwenye mifugo, kwa kuwa mimea yote miwili ni malisho.

Wachumi huliita tatizo hilo kujichagua: walioshika hawakuchaguliwa kwa kura, walijichagua kwa uwezo wao. Dawa yake ni kukadiria lile ambalo halikutokea. Hapa Kiswahili kimewatangulia, maana tuna -ngali- kwa kazi hiyo hasa: kaya hii isingalishika mbinu, ingalivuna gunia ngapi? Napendekeza tuiite hali ya -ngali-. Mwanafunzi ataielewa katika somo la kwanza, bila kupitia Kiingereza.

Kwako wewe utakayekwenda kijijini msimu ujao na dodoso mkononi: usiulize kama mkulima amepitisha mbinu. Uliza kama aliijaribu, kama aliifanya tena msimu uliopita bila kupewa kitu, na ni nani katika kaya aliyeshika jembe. Akijibu ndiyo kwa swali la pili, andika kwamba ameshika.