Nyendo za Kweleakwelea

Wazee wa Ugogo niliowakuta nilipoanza kazi walisema kweleakwelea hana kwao. Huja kama moshi, hutua kwenye mtama, na baada ya siku chache hayupo. Mwaka 1956 Disney na Haylock walichapisha habari za mtawanyiko na uzazi wake katika Tanganyika, na mwaka 1971 Peter Ward akaonyesha kwamba bwana wa safari zake ni mvua.

Kiangazi kizima ndege huyu hula mbegu za majani zilizoanguka chini. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zote huota kwa pamoja, naye hubaki na njaa katikati ya nchi inayochanua. Hapo, akiwa amekwisha kujiwekea mafuta mwilini, huruka kuvuka ukanda wa mvua hadi mahali iliponyesha majuma mengi kabla, ambako majani mapya yamezaa. Kisha hurudi akiifuata mvua nyuma nyuma, akizaa njiani. Huko Ethiopia, katika miaka ya 1980, ndege walinyunyiziwa unga wenye kung'aa kutoka angani, na walewale wakaonekana wakizaa tena mbali na makoloni yao ya kwanza.

Mimi nyendo hizi nilizisoma kwenye daftari la mahudhurio. Nilipokagua mazoezi ya kufundisha vijijini, mtama ukiwa umejaa maziwa, alama za utoro zilishuka ukurasa mzima. Watoto walikuwa juu ya madungu, kombeo mkononi, wakiamia ndege tangu alfajiri. Majuma mawili baadaye ukurasa kama huo niliukuta kijiji cha mbali. Siuiti utoro, ingawa ndilo neno tulilotakiwa kuandika. Mzazi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nikimleta shuleni leo, mwezi wa kumi utamlisha wewe?"

Wengine walikimbilia mahindi, ambayo ndege huyu hayawezi. Lakini Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na mahindi hayavumilii ukame kama mtama. Hivyo mkulima huchagua kati ya ndege na jua.

Sumu ya kunyunyizia kwa ndege za angani imeua mamilioni, pamoja na bundi na tai wanaowala. Kondoa wana njia nyingine: huwanasa kwa nyavu na mitego, wakawala.