Shule ya Parramatta, 1815

Tunapojadili hapa Westmead kama mtoto asomee nyumbani au shuleni, huwa tunalichukulia kuwa ni jambo la mzazi kuchagua. Jirani yetu, Parramatta, kuna historia inayotukatalia.

Mwaka 1815 Gavana Lachlan Macquarie alifungua pale shule ya watoto wa Waaborijini, wenyeji wa nchi hii. Ilisimamiwa na William Shelley, aliyewahi kuwa mmisionari. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika, wasichana kushona, wavulana kulima. Lakini mtoto akishapokewa, wazazi hawakuruhusiwa kumchukua mpaka msichana atimize miaka 14 na mvulana 16. Si kwamba watoto walishindwa masomo. Mwaka 1819 msichana wao mmoja, anayeaminika kuwa Maria Lock, alitwaa zawadi ya kwanza mbele ya watoto wa Kizungu. Hata hivyo wazazi waliendelea kuwatorosha wana wao, na mwaka 1823 shule ikahamishiwa Blacktown.

Macquarie hakuona kwamba kwao watoto wale tayari walikuwa wakisoma: mito, wanyama, ujamaa. Mwalimu Nyerere aliliona hilo katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, alipoandika kwamba Afrika kabla ya ukoloni ilikosa shule, haikukosa elimu.

Leo sheria ya New South Wales ya mwaka 1990 inamruhusu mzazi kufundisha nyumbani, mradi ajiandikishe serikalini. Wazazi wa Parramatta hawakupewa hata fomu.