Katwijk: Kijiji cha wavuvi kilichojengwa nje ya tuta

Uholanzi hufahamika kwa matuta yake ya kuzuia maji, lakini hadi miaka michache iliyopita watu wapatao 3,000 katika kijiji cha Katwijk aan Zee walikuwa wakiishi upande wa bahari, nje ya kinga rasmi. Mstari wa kinga ulikatiza katikati ya kijiji. Nyumba zilizoutangulia, pamoja na kanisa la kale jeupe linalotazamana na mawimbi, hazikuwa na ulinzi uliotakiwa kisheria dhidi ya dhoruba kubwa.

Katwijk iko katika mkoa wa Zuid-Holland, kati ya Noordwijk na Wassenaar, karibu na mji wa chuo kikuu wa Leiden. Manispaa hiyo ina wakaazi wapatao 65,000, na tangu mwaka 2006 inajumuisha pia Rijnsburg na Valkenburg. Rijnsburg ni mji wa wakulima na wafanyabiashara wa maua. Mwanafalsafa Spinoza aliishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1660. Hata hivyo, anayetaka kuielewa Katwijk hana budi kuanzia ufukweni.

Ufuko huo umenyooka, ni wa mchanga mtupu, na haujawahi kuwa na bandari. Kwa sababu hiyo wavuvi walitumia bomschuit, chombo kipana chenye kitako bapa, kinachoweza kukaa mchangani maji yanapokupwa. Farasi walisaidia kuvivuta vyombo hivyo hadi mahali pa usalama, na wanawake walishona nyavu na kuuza samaki. Desemba 1894 dhoruba ilivivunja vyombo vingi vya aina hiyo katika ufuko jirani wa Scheveningen, na miaka kumi baadaye bandari ikafunguliwa huko. Katwijk haikupata yake. Meli zake, zenye herufi KW ubavuni, zililazimika kufanya kazi kutoka Scheveningen na IJmuiden, huku familia zikibaki kijijini. Hivyo baba akawa mtu wa kwenda na kurudi, na nyumba ikaongozwa na mama.

Uvuvi wa namna hiyo, ambao uligharimu maisha ya wengi, uliambatana na imani thabiti ya Kiprotestanti. Hadi leo Jumapili ni siku ya mapumziko: maduka mengi hufungwa na viti vya kanisani hujaa. Hata soka limefuata utaratibu huo. Klabu mbili za kijiji, Quick Boys na VV Katwijk, hucheza Jumamosi, na pambano lao huwagawa majirani kwa siku nzima. Dirk Kuyt, anayekumbukwa na mashabiki wengi wa Liverpool, ni mtoto wa mvuvi wa hapa na alianzia Quick Boys.

Pigo kubwa kuliko yote, lakini, halikuletwa na bahari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Ujerumani lililoikalia Uholanzi lilibomoa mamia ya nyumba za mbele ya bahari ili kujenga ngome za pwani, na wakaazi wakahamishwa. Majengo mengi yanayoonekana leo kando ya barabara ya ufukweni yalijengwa baada ya vita, na ndiyo maana sehemu hiyo haina sura ya kale ambayo mgeni huitarajia. Mnara wa taa wa mwaka 1605 ungalipo.

Ndipo likaja suala la tuta. Serikali ilipoitaja Katwijk kuwa miongoni mwa sehemu dhaifu za pwani, wahandisi wangeweza kuinua ukuta mrefu mbele ya kijiji. Lakini ukuta huo ungewaziba macho watu ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakiitazama bahari kutoka mlangoni, wakisubiri meli. Manispaa na Rijnland, mamlaka ya maji yenye historia inayorudi nyuma hadi karne ya 13, zilichagua njia nyingine. Kati ya mwaka 2013 na 2015 ufuko ulipanuliwa kuelekea baharini, tuta la mawe likajengwa na kufunikwa kwa mchanga na nyasi za pwani. Nyuma yake, chini ya mchanga huohuo, yakachimbwa maegesho ya magari zaidi ya 600.

Kanisa na nyumba za mbele sasa zimo ndani ya kinga. Vilima vya mchanga ni vya kimo cha wastani, na kutoka barabara ya ufukweni bahari bado inaonekana. Anayeshuka kwenda kuogelea hupita juu ya tuta hilo bila kuliona.