Lugha ya Uwanjani: Habari za Mpira katika Gazeti na Redio

Wataalamu wa Kiswahili wamezichunguza sana tenzi na mashairi, na kazi yao ni ya kushukuriwa. Lakini usemi wa mwandishi wa habari asimamaye kando ya uwanja, juani au mvuani, haujapewa haki yake. Nia ya makala haya ni kuonyesha jinsi kazi hiyo ilivyoitumia sarufi yetu.

Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa baina ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Msomaji wa Kiswahili wa zama hizo alikuwa na magazeti kama Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, na Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939. Mwandishi wa gazeti huandika baada ya kipenga cha mwisho, naye matokeo ameshayajua. Kwa hiyo husimulia: alipata mpira, akampiga chenga mlinzi, akafunga. Kiambishi -li- hufungua njia, na -ka- hufuata. Ndio mwendo wa hadithi zetu zote.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mtangazaji wa redio hajui mwisho wa jambo alisemalo. Hawezi kuitegemea -ka-, maana hiyo yataka jambo lililokwisha kutajwa nyuma yake. Husema: anapata mpira, anampiga chenga, amefunga! Hapo -na- hubeba mbio za mchezo, na -me- hukata shauri.

Taabu ya pili ni mahali. Huko Uingereza, Januari 1927, H.B.T. Wakelam alipotangaza mchezo wa raga kutoka Twickenham, aliwekewa mtu kipofu karibu naye ili amweleze yeye. Juma lililofuata, tarehe 22 Januari, Arsenal ilipocheza na Sheffield United, gazeti la Radio Times lilikuwa limechapa ramani ya uwanja yenye miraba minane, na sauti ya pili ikawa yataja nambari ya mraba ulipo mpira.

Kiswahili kina miraba yake katika ngeli za mahali. Mpira upo pale penye kona. Unakwenda kule kwa mlinda mlango. Msukosuko umo mle ndani ya eneo la hatari. Pa- huonyesha mahali dhahiri, ku- upande au mwelekeo, mu- ndani. Hatusemi kwamba viambishi hivi vyatosha, kwani havibainishi kulia wala kushoto. Lakini humpa msikilizaji picha ambayo Mwingereza aliitafuta katika karatasi.

Ama msamiati, refa, kona na penalti ni maneno ya kukopa. Lakini kuotea ni neno la mwindaji anayevizia mnyama. Bao limetoka katika mchezo wa kete. Na mkwaju, ambao ni mti na pia fimbo, umekuwa pigo la mguu. Wasemaji hawakungoja kamati yoyote iwatungie.

Jambo zito zaidi ni haki. Aliye nyumbani hana macho ila ya mtangazaji. Mchezaji akifunga na refa akakataa, mtangazaji aweza kusema, "ameotea," au, "wamenyimwa bao." Tukio ni moja. Kauli ya kwanza yamtwika mchezaji kosa. Ya pili yamshtaki refa bila kumtaja, maana kauli ya kutendwa humficha mtenda. Katika nchi ambamo mashabiki wa timu mbili husikiliza redio moja, kiambishi kimoja chaweza kuleta ugomvi mtaani.

Gazeti huhifadhika makabatini. Sauti isiyonaswa hupotea siku ile ile, na kanda iliyonaswa huharibika kwa miaka. Yafaa basi kanda za matangazo ya zamani zilizosalia zisikilizwe, ziandikwe neno kwa neno, na kutiwa katika hazina ya lugha pamoja na tenzi.